Fisi Nilikuja

Nina miaka thelathini na sita na tayari ni mstaafu. Msicheke. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala kunisomea hotuba ya kuniaga. Niliacha kazi, au kazi iliniacha; mimi na ofisi hatujakubaliana hadi leo. Lakini kwa miaka kumi nilikuwa na kazi moja tu: kuzunguka Turkana na kinasa sauti nikikusanya hurafa, zile hadithi fupi ambamo wanyama husema na kutenda kama watu, kisha kuzileta Lodwar zigeuzwe vitabu vya kusoma shuleni. Sasa nasikia ofisi ile imeajiri vijana wapya. Wawili wenu mlinipigia simu mkaniuliza mnunue kinasa sauti cha aina gani. Niliwajibu kwa haraka na bila adabu. Leo nawajibu vizuri.

Kinasa sauti chochote kitafaa, mradi usikizime mapema.

Nianze na kiburi changu, maana ndicho kilichonifikisha pabaya. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi ambaye akiinua mkono darasa zima linashusha pumzi. Mhadhiri alisema hurafa ni hadithi ya wanyama inayoishia na funzo. Nikauliza: funzo hilo aliliweka nani? Akasema, "Asinyen, maktaba iko wazi." Nikaenda, kwa hasira, nikakaa huko muhula mzima.

Niliyoyakuta yalinifurahisha. Hurafa za kale kabisa tulizo nazo zimeandikwa juu ya vibao vya udongo, katika nchi iliyokuwa kati ya mito miwili huko mashariki. Ni fupi mno. Mbweha anasema neno, ng'ombe anajibu, imekwisha. Wayunani walikuja baadaye, nao walisema hadithi zao za namna hii zilitungwa na mtumwa mmoja. Sina hakika kama mtumwa huyo aliwahi kuishi, na wasomi wenyewe hawana hakika. Ila naelewa kwa nini walimtaka awe mtumwa. Asiyeweza kumwambia bwana wake ukweli usoni humtuma mbweha akamwambie.

Jambo lililonikaa kichwani zaidi ni hili. Watu wa kwanza kuzikusanya hadithi hizo kitabuni waliwakusanyia wasemaji, watu wa barazani na mahakamani. Juu ya kila hadithi waliandika mstari mmoja: hii ni ya kumwambia mwenye tamaa, hii ni ya kumwambia anayejisifu. Mstari ule haukuwa funzo. Ulikuwa kama lebo ya kwenye chupa ya dawa. Msemaji alipitisha kidole, akapata anayoitaka, akaenda kumsimulia mtu wake. Karne zikapita, mstari ukateleza kutoka kichwani mwa hadithi hadi mkiani, na watu wakasahau kwamba ilikuwa lebo. Wahindi walikuwa na zao, hadithi ndani ya hadithi, za kuwafunda wana wa mfalme namna ya kutawala. Hizo zikapita Uajemi na Uarabuni hadi nyingine zikashuka pwani yetu. Mwishowe zikaja shule, na vitabu vya kujifunzia kusoma, na kila sungura akafungwa mkiani kijisanduku chenye neno Funzo.

Niliandika haya yote kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Siku nilipoyahitaji, sikuyakumbuka.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Ereng, mhariri wetu, mwalimu aliyestaafu mwenye kalamu nyekundu mfukoni mwa shati na kalamu nyingine nyekundu nyuma ya sikio. Sitaki mmwone kama mjinga. Mengi ninayojua nimeyatoa kwake. Alinifundisha nisimwambie mtu "nisimulie hadithi," maana mtu akiambiwa hivyo hukauka koo. Alisema, "Wewe simulia yako kwanza, tena uiharibu. Hakuna mzee anayevumilia kusikia hadithi ikiharibiwa." Ni kweli. Nimeharibu hadithi ya fisi na mfupa mbele ya wazee kutoka Lokichar hadi Kaikor, na kila mara mtu alinikatiza kwa uchungu: "Hapana, hapana, binti, nani alikudanganya?" Hapo ndipo nilipobonyeza kitufe.

Alinifundisha pia kuweka kinasa sauti mbali na zizi. Hilo nilijifunza baada ya kurudi Lodwar na saa tatu za mbuzi. Ereng alisikiliza zote, kwa uvumilivu, kisha akasema, "Lugha yao ni nzuri. Ila sijasikia funzo."

Kwa funzo hakuwa na mzaha. "Asinyen, hadithi isiyo na funzo ni mbuzi asiye na kamba. Mtoto ataishikaje?" Mimi niliyesoma habari ya lebo na mkia, ilinipasa kumbishia. Nilimbishia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nilichoka. Mwaka wa tatu nilikuwa nayaandika mafunzo mwenyewe, tena haraka, matano kwa siku moja. Kuna siku huko Lokichar mchungaji mmoja alinisimulia hadithi ya mbuni na yai, nzuri ajabu, nikairekodi kwa furaha. Alipomaliza akasafisha koo na kusema, kwa sauti ya kusoma, "Funzo: haraka haraka haina baraka." Ilikuwa hadithi yetu wenyewe. Mwanawe aliisoma shuleni akamletea nyumbani. Nilicheka. Ilifaa niogope. Kitabu chetu kilikuwa kimeanza kusimulia badala ya watu, na maneno yangu yalikuwa yakitoka vinywani mwao.

Sasa nije Kakuma.

Kakuma ina mji na ina kambi, na katikati kuna watu wanaouziana kila kitu. Wenyeji huleta kuni, makaa na maziwa. Wakimbizi huwa na unga, sabuni na nguo. Siku moja nikiwa sokoni nilisikia vikongwe wawili wakisalimiana. Mmoja alikuwa Mturkana mwenye ushanga mwingi shingoni, mwingine Mdinka mrefu kutoka Sudan Kusini.

"Ejok, Punda!" alisema yule wa ushanga.

"Ejok, Fisi yangu. Leo umeleta kuni ama umeleta mdomo?"

"Nimeleta mdomo. Kuni iko nyuma inakuja."

Wakacheka hadi wakashikana mikono. Nikaandika kwenye daftari langu: matusi ya utani baina ya wenyeji na wageni, chunguza zaidi. Sikuchunguza. Nilikuwa nimewahi kumrekodi huyo wa ushanga, jina lake Akai, ambaye kila mtu alimwita Ata, yaani nyanya. Hadithi yake ilikuwa tayari imekwenda matbaani. Kwa hesabu yangu ya wakati huo, nilikuwa nimemaliza naye.

Hivi ndivyo nilivyoirekodi. Nilisikia kwamba kutakuwa na kikao cha akina mama kando ya laga ya Tarach, ule mto wa mchanga unaopita Kakuma, kuhusu visima. Mnavijua visima vyetu: unachimba mchanga hadi unapotea shimoni, na mmoja hushuka chini kuchota, walio juu hupokea. Nilidhani kwenye kikao kama hicho hapakosekani hadithi. Bodaboda ikapata pancha, nikafika kikao kikiwa katikati. Upande mmoja walikaa wanawake wa kambi, upande mwingine Waturkana, na nyuma yao wanaume wachache wameegemea fimbo. Ata Akai alikuwa amesimama anasimulia kwa Kiswahili. Nikaweka kinasa sauti mkekani. Maneno yake ninayo hadi leo.

"Punda ilichimba. Ilichimba na mguu yake, mpaka maji alitoka. Fisi nilikuja. Nilikuwa na kiu, mtoto zangu iko na kiu. Punda akasema, chota. Nikachota. Kesho ndugu ya fisi wakakuja na mbuzi mingi, wakakaa kwa kisima. Punda akakuja na mtungi yake. Ndugu wakamuuliza: wewe ni nani? Na fisi niko hapo. Naangalia mchanga."

Akanyamaza. Hakuna aliyesema kitu. Nikasubiri kidogo, nikaona hadithi imekwisha, betri ilikuwa imebaki kidogo, na gari la kurudi Lodwar lilikuwa linaondoka. Nikazima, nikakimbia.

Ofisini niliinyoosha. Punda ilichimba: nikaandika punda alichimba. Maji alitoka: maji yakatoka. Fisi nilikuja: fisi alikuja. Makosa matatu katika pumzi moja, nikayarekebisha yote kwa mkono uleule. Mnajua Kiswahili chetu cha huku. Ni lugha ya kukutania, kila mtu huja nayo kama alivyoipata njiani, na ngeli zimelegea. Nani angesimama kwenye kosa la tatu akajiuliza kama kweli ni kosa? Sentensi ya mwisho, ya kuangalia mchanga, niliikata kwa sababu haikupeleka hadithi popote. Ereng akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akangoja. Nikaongeza mkia: Funzo: Usimkaribishe mgeni kisimani pako, asije akakunyang'anya.

Mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza swali ambalo mtoto angeuliza. Nyanya wa Kiturkana, mbele ya ndugu zake wa Kiturkana, kwa nini asimulie kwa Kiswahili?

Miezi kadhaa baada ya vitabu kusambazwa, Ata Akai alikuja Lodwar. Alipanda lori la mbuzi kutoka Kakuma, akaingia ofisini na vumbi lake lote, akaketi kwenye kiti cha Ereng kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Alifungua kitambaa akatoa kitabu chetu.

"Asinyen. Wewe unajua kusoma?"

"Ndiyo, Ata."

"Soma hapa."

Nikasoma. "Punda alichimba kisima kwa kwato zake mpaka maji yakatoka. Fisi alikuja..."

"Nani alikuja?"

"Fisi, Ata."

"Fisi gani?"

"Fisi tu. Fisi wa hadithi."

"Mimi nilisema fisi nilikuja. Wewe ulisikia nini?"

Ereng akaingilia kati kwa upole, akiwa amesimama kwa kuwa hakuwa na kiti. "Mama, tulirekebisha Kiswahili kidogo. Ili watoto wasome vizuri."

"Kiswahili yangu ilikuwa mbaya?"

"Si mbaya, mama. Ilikuwa na makosa tu."

Ata alimgeukia. "Kosa ilikuwa yangu," alisema. "Nilitoka nayo nyumbani, nikaisema mbele ya watu. Nyinyi mmenifutia kosa yangu, mkampa Nyandeng."

Ndipo akatueleza, na nitawaeleza kama alivyosema, bila kunyoosha sana.

Ukame ulipoua mbuzi zake huko karibu na Kaikor, alikuja Kakuma na wajukuu watatu. Hakumjua mtu. Wakati huo mifereji ya kambi ilikuwa imekauka kwa siku nyingi, na mwanamke mmoja mkimbizi, Nyandeng, alikuwa amechimba kisima kwenye mchanga wa laga pamoja na majirani zake wawili. Akai alisimama kando na wajukuu. Nyandeng alimwona akasema neno moja la Kiswahili alilolijua: chota. Akai akachota siku hiyo na siku nyingine nyingi. Kisha ndugu zake Akai wakashuka na mifugo yao, wakakikuta kisima, wakakizungushia miba. Nyandeng alipokuja na mtungi wake, wakamuuliza yeye ni nani. Akai alikuwepo, hatua mbili tu kutoka pale. Angesema neno moja. Alitazama mchanga.

Kwa hiyo mgeni wa kisima kile alikuwa mwenyeji wa nchi, na mwenye kisima alikuwa mkimbizi. Mimi nilipowasikia Punda na Fisi mbele ya watu wa kambi na watu wa mji, niliwapa sura zao kabla hata sijafika ofisini, na sikumuuliza mtu.

"Kwa kikao, ningesema wazi wazi, ndugu zangu wangenipiga," Ata alisema. "Nikasema kwa fisi. Na nikasema mimi ndiye fisi. Nikasema kwa Kiswahili ili Nyandeng asikie. Wewe ulikuwa unakimbilia gari."

"Naye alijibu?" niliuliza.

"Alijibu. Alisema: Teremka, unichotee."

Akai akateremka. Bibi wa umri wake, mbele ya ndugu zake wenye fimbo, alishuka ndani ya shimo akachota maji, akayainua, na Nyandeng akayapokea juu. Miba iliondolewa jioni hiyohiyo, na tangu siku hiyo waliitana Punda na Fisi sokoni, wakacheka hadi wakashikana mikono.

Sasa kitabu kimefika. Mjukuu wa Nyandeng, Achol, aliye gredi ya nne, alikileta nyumbani akamsomea bibi yake kwa sauti, akiwa na furaha, maana Punda na Fisi alikuwa akiwasikia wakiitana nyumbani. Aliposoma Funzo, bibi alimwambia arudie. Akarudia. Shuleni watoto walikuwa wamekwisha kupata wimbo wao: wa kambi ni fisi, wa kambi ni fisi. Jina la msimulizi liliandikwa chini ya hadithi, kwa heshima: Imesimuliwa na Ata Akai. Nyandeng akafunga mlango. Akai alipeleka kuni, zikarudishwa. Alisimama nje akaita "Punda," na ndani hapakujibu mtu.

"Yeye anafikiri nilisema sorry kwa mdomo," Ata alisema, "halafu nikaenda kuandika matusi kwa kitabu. Mimi sijui kuandika! Lakini jina ni yangu." Akakifunga kitabu. "Mimi na yeye hatuna miaka mingi. Sitaki nife fisi wa kweli."

Vijana, nimesoma mengi kuhusu namna hurafa ilivyosafiri. Kutoka udongo hadi ngozi hadi karatasi, kutoka kwa mtumwa hadi kwa mwana wa mfalme hadi darasani. Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba njiani huweza kuangusha mtu. Hadithi ile ilikuwa na mtu mmoja wa kuambiwa, na mtu mmoja wa kuisema, na siku moja. Niliiondolea vyote vitatu nikabaki na wanyama.

Nilikwenda Kakuma na Ata siku iliyofuata. Nyandeng alinifungulia mimi, kwa sababu hakunijua. Alipomwona Ata nyuma yangu, mkono wake ulibaki kwenye mlango. Nikasema nina sauti ya kumsikilizisha. Alikaa kwenye kigoda, akaniachia mimi jua. Ata hakuingia kivulini, alisimama uani. Nikacheza kinasa sauti.

"Fisi nilikuja. Nilikuwa na kiu..."

Nyandeng alisikiliza hadi mwisho, hadi ule ukimya niliokuwa nimeuzima. Akasema tucheze tena. Kisha akasema, "Sauti ni ya fisi yangu."

Nilidhani tumemaliza. Nilianza kufunga mkoba. "Samahani sana, mama, kosa lilikuwa letu ofisini, tutali—"

"Wewe ndiye uliandika?"

"Ndiyo."

"Funzo pia?"

"Ndiyo, mama. Funzo ni langu mimi."

"Basi ngoja. Unakimbia wapi?" Alikichukua kitabu cha Achol kutoka juu ya sanduku. "Mimi nimesikia sauti, khalas, nimeelewa. Achol atasikia wapi sauti? Watoto wa shule watasikia wapi? Wanasoma hii." Akanisukumia. "Wewe pia teremka. Uchote."

Nilirudi Lodwar nikamwomba Ereng tuvikusanye vitabu. Alisema toleo jipya litakuja wakati wake, na hapo tutarekebisha. Lini? Hakujua. Nikamwambia basi nitapita shuleni na kalamu. Alivua miwani. "Asinyen, kitabu cha shule hakiandikwi ndani. Hata mtoto wa gredi ya kwanza anaadhibiwa kwa hilo. Ukifanya hivyo kwa jina la ofisi, kazi yako hapa imekwisha."

"Si kwa jina la ofisi. Ni kwa jina langu."

"Basi imekwisha," alisema, kwa huzuni, nami namwamini kwamba ilikuwa huzuni. Nilipofika mlangoni aliniuliza, "Ni ukurasa upi?"

"Thelathini na moja."

Nilianza na shule ya Achol. Mwalimu wa darasa alinikatalia, kisha nikamchezea ile sauti, akaita watoto. Sikuwapa hotuba. Niliwaambia wafungue ukurasa wa thelathini na moja, na kwamba mwandishi wa kitabu alikosea, na mwandishi ndiye mimi. Walifurahi mno, ni mara ngapi mtu mzima hukiri hivyo mbele ya gredi ya nne? Msichana mmoja wa Kiturkana aliinua mkono. "Mwalimu, kama ni nilikuja, basi anayesema ndiye fisi?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini anajisema mwenyewe?"

Swali langu la chuoni lilikuwa baya likilinganishwa na hilo. Nilimwambia amuulize jirani yake wa dawati, na jirani yake wa dawati alikuwa Achol. Walinong'onezana. Sijui walisema nini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi sikutamani kurekodi.

Tulikata Funzo kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Pembeni tukarudisha sentensi ya mchanga.

Shule za Kakuma zilinichukua majuma. Nilikunywa chai nyingi na kufukuzwa mara mbili. Nilipomaliza ya mwisho nilipita kwa Nyandeng kumwambia. Ata Akai alikuwa nje, na mzigo wa kuni chini, kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu siku ile ya kinasa sauti. Alikuwa anakuja, anatua mzigo, anasimama kidogo, anaondoka. Kuni zilikuwa hazirudishwi tena, lakini hakuna aliyemwita.

Nyandeng alisikia ripoti yangu akiwa mlangoni. Aliuliza idadi ya shule, nikazitaja kwa majina. Akauliza kama Achol ameandika mwenyewe kwenye kitabu chake. Nikasema ameandika mwenyewe. Akatazama nje, juu ya bega langu.

"Fisi!"

Ata hakuinua uso. Alikuwa anatazama mchanga.

"Fisi, wewe ni kiziwi? Chai inapoa. Leta na hiyo kuni, mimi si punda ya kubeba."

Ata aliinama akaubeba mzigo. Aliponipita mlangoni hakunitazama, ila alinigusa begani kwa ncha ya ukuni mmoja. Nadhani ilikuwa makusudi. Sikuuliza.

Nilikutana na Ereng mwaka huu, katika soko la Lodwar, akinunua samaki. Tulisalimiana vizuri. Aliniambia nakala yake ya mezani ameirekebisha, kwa kalamu nyekundu. "Ila lile funzo nimeliacha," alisema. "Nilijaribu. Mkono ulikataa." Tukacheka, kisha hatukucheka.

Basi nanyi mlioingia kazini, sina mkia wa kuwafungia hapa. Nina ombi. Vitabu vile havikuishia Kakuma. Vingine vilipelekwa Kaikor, vingine Lokichar, na niliambiwa bunda moja lilivuka mpaka wa Nadapal kwenda Sudan Kusini na walimu waliokuwa wakirudi kwao, huko sijafika. Mkiwa njiani na vinasa sauti vyenu, mkiketi katika shule yoyote kusubiri gari, tazameni rafuni. Jalada ni la manjano, lina punda. Ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa pili, palipoandikwa alikuja. Futeni a. Andikeni ni.